Linki za intraneti: zipange kama unavyoulizwa dirishani

Mimi si mtu wa IT. Nilikaa masijala miaka saba, kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, kazi yangu ikiwa kutoa faili na kulirudisha. Mtu anakuja anasema, "Dada, nipe lile la kontena la mabati," nami najua ni faili lipi ingawa juu yake imeandikwa namba tu. Bosi alipoamua makaratasi yahamie SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kutunzia nyaraka na kujengea tovuti ya ndani ya ofisi (ndiyo intraneti), vijana wawili kutoka kampuni ya nje walikuja, wakajenga ukurasa wa mbele, wakanipa haki za kuhariri, wakaondoka zao. Yaliyobaki nimejifunza kwa kukosea. Nayaandika kwa ajili ya yule ambaye kesho asubuhi ataambiwa, "Hebu zipange zile linki vizuri," halafu aachwe peke yake na kompyuta.

Usianze na kompyuta

Menyu tuliyoachiwa ilikuwa na vichwa vinne: "Human Resources", "Finance", "Operations" na "Compliance". Inapendeza ukiitazama pamoja na mchoro wa muundo wa kampuni uliotundikwa mapokezi. Lakini dereva anayeondoka alfajiri kwenda Tunduma anatafuta fomu ya masurufu, na fomu hiyo ilikuwa ndani ya "Finance", kisha "Policies", kisha "Templates". Sijawahi kusikia dereva aliyefika huko. Walikuwa wananipigia simu.

Nikachukua kaunta buku, nikaiweka pembeni ya simu, na kwa wiki mbili nikaandika kila swali la "iko wapi" nililoulizwa, kwa maneno yaleyale ya muulizaji. Hakuna aliyesema "ombi la likizo ya mwaka". Walisema "fomu ya likizo". Hakuna aliyesema "hati ya mshahara"; hata mlinzi wa getini anasema "salary slip". Wiki mbili zilipoisha nikahesabu. Fomu ya likizo iliongoza, salary slip ikafuata, kisha masurufu, kisha "ile ya forodha", yaani TANeSWS, mfumo wa Dirisha Moja tunaopitishia nyaraka za mizigo. Sera ya ubora ya kampuni, ambayo ndiyo ilikuwa linki ya kwanza kabisa kwenye menyu, haikuulizwa hata mara moja.

Ile kaunta buku ndiyo menyu yenyewe. Majina ya linki niliyatoa humo kama yalivyo: Fomu ya likizo. Salary slip. Masurufu. Forodha. Meneja mmoja alitaka yote yawe Kiingereza kwa sababu ya wakaguzi. Nikamuuliza mkaguzi anakuja mara ngapi kwa mwaka, na dereva anakuja mara ngapi kwa siku. Akacheka, yakaisha.

Mambo mawili ninayoyashikilia kwenye majina. La kwanza, jina lianze na kitu chenyewe. "Fomu ya likizo" inaonekana kwa mtazamo mmoja. "Pakua hapa fomu ya kuombea likizo" inamchosha mtu kabla hajaanza kusoma. La pili, usiweke kamwe linki inayoitwa "Mengineyo" au "Nyaraka mbalimbali". Masijala tulikuwa na faili la Mengineyo. Kila aliyekuwa mvivu wa kufikiri alichomeka karatasi yake humo, na ikishaingia humo ndiyo imezikwa.

Kuweka linki yenyewe

Hii ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kwenye SharePoint utakuta aina mbili za tovuti. Ile ya kutoa taarifa kwa watu wote ina menyu inayokwenda mlalo juu ya ukurasa. Ile ya timu kwa kawaida menyu yake iko kushoto, imesimama wima. Kwa zote mbili unatafuta neno "Edit": kwenye menyu ya juu liko mwisho wa linki, kwenye ya kushoto liko chini kabisa. Usipoliona, huna haki ya kuhariri. Mwombe mwenye tovuti, usihangaike.

Ukishabofya "Edit", peleka kipanya katikati ya linki mbili, pale unapotaka mpya ikae. Itatokea alama ya kujumlisha. Ibofye. Kisanduku kitafunguka chenye nafasi ya anwani na nafasi ya jina litakaloonekana. Bandika anwani, andika jina, bofya "OK".

Sasa simama hapo. "OK" haijamaliza kazi. Imeiweka linki kwenye rasimu tu. Chini kuna kitufe cha "Save", na usipokibofya ukaondoka kwenye ukurasa, kazi yako yote imeyeyuka. Siku yangu ya kwanza nilipanga linki kumi na moja, nikabofya "OK" mara kumi na moja, nikafunga kompyuta nikawahi mwendokasi kabla foleni haijawa ndefu. Asubuhi menyu ilikuwa ileile ya zamani, na bosi alikuwa ameshawaambia watu waitazame.

Kwenye kisanduku kilekile unaweza kuchagua "Label" badala ya linki. Hiyo ni kichwa cha habari tu, haina anwani, haifungui kitu. Inafaa kwa kukusanya ndugu pamoja. Mimi nina kichwa kinachoitwa "Likizo", na chini yake kuna fomu, halafu ukurasa mfupi unaoeleza siku 28 za likizo ya mwaka zilizomo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nimeziweka pamoja kwa sababu kaunta buku ilionyesha kwamba kila aliyepata fomu alirudi baada ya dakika tano kuuliza, "Dada, kwani mimi nina siku ngapi?" Panga linki kwa jinsi swali moja linavyozaa jingine, si kwa jinsi idara zinavyokaa ghorofani.

Ili linki iingie chini ya kichwa, bofya vidoti vitatu vilivyo pembeni yake, uchague "Make sub link". Hapohapo kuna kusogeza juu, kusogeza chini na kuondoa. Unaweza pia kuishika kwa kipanya ukaiburuta, ila mkono wangu haujatulia kiasi hicho. Mfumo unakubali ngazi tatu. Mimi naishia mbili. Ngazi ya tatu kwenye simu ni kama kutafuta sindano ndani ya godoro.

Na usiogope "Remove". Inaondoa linki tu. Faili lenyewe linabaki lilipo. Masijala ukichana kibandiko, faili bado liko kabatini.

Anwani: hapa ndipo linki nyingi zinapofia

Kama unafungua waraka halafu unanakili kile kilichoandikwa juu ya kivinjari, utapata anwani ndefu kama treni ya mizigo, na mara nyingine ina vitu vinavyokuhusu wewe peke yako. Njia nzuri ni kwenda kwenye maktaba ya nyaraka, kubofya vidoti vitatu vya faili, kisha "Copy link". Lakini kabla ya kunakili, fungua mipangilio ya hiyo linki uone inamruhusu nani. Chagua ile ya watu ambao tayari wana ruhusa, "People with existing access". Hiyo haimfungulii mtu yeyote mlango mpya. Inaonyesha njia tu. Chaguo zile nyingine zinaweza kutoa ruhusa wewe mwenyewe ukiwa hujui.

Jina la faili pia lina maneno yake. Tulikuwa na "Fomu ya likizo 2022 MPYA final 2". Kila mwaka mtu wa utumishi analeta faili lenye jina jipya, na linki inabaki inaelekea la zamani. Sasa faili linaitwa "Fomu ya likizo", basi. Toleo jipya likija napakia kwa jina hilohilo, mfumo unauliza kama nibadilishe, nasema ndiyo. Linki haiguswi, na matoleo ya nyuma yanabaki kwenye historia ya faili kama kuna atakayeyataka.

Kuna anwani za aina nyingine ambazo zitakutoa jasho. Anwani inayoanza na herufi ya diski, kama S: na mkwaju, ni ya ndani ya kompyuta za ofisi. Ukiiweka kwenye ukurasa wa wavuti, kivinjari kitaikataa, na ni haki yake. Hamishia faili kwenye maktaba kwanza.

Anwani inayoanza na 192.168 au 10 na nukta ni ya mtandao wa ndani. Mfumo wetu wa stoo ni wa namna hiyo. Mimi nikiwa mezani kwangu ulifunguka bila shida, kwa hiyo niliuweka kwenye menyu nikaendelea na kazi. Wale wa yadi ya makontena, ambao wanatumia bando la simu, walikuwa wanaona kiduara kinazunguka hadi kichoke. Walinivumilia siku tatu ndipo mmoja akanipigia: "Dada, hii stoo yako ni ya mapambo?" Sasa jina lake kwenye menyu ni "Stoo (ukiwa ofisini tu)". Si jina la kuvutia ila hakuna aliyepiga simu tena.

Kwa mifumo ya nje, usinakili anwani ukiwa umeshaingia ndani. Ukiingia kwenye mfumo wa kodi au wa forodha, anwani inayoonekana juu mara nyingi ni ya kikao chako, na kikao kikiisha nayo imekufa. Toka kwanza, nakili anwani ya ukurasa wa kuingilia, ile yenye nafasi ya jina na nywila. Kama ni ya serikali, hakikisha jina la tovuti linaishia .go.tz kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, na kwamba umeitoa kwenye tovuti rasmi ya taasisi, si kwenye ujumbe wa WhatsApp uliotumwa na shemeji wa mtu. Linki iliyo kwenye menyu ya ofisi watu wanaiamini bila kuitazama mara mbili, kwa hiyo ukiweka ya matapeli umewapelekea nywila za kampuni nzima kwenye sahani.

Hizi za nje ndizo ninazoziwekea alama ya kufungukia kwenye kichupo kipya. Za ndani zinafunguka palepale. Mhasibu wetu alinishukuru kwa hilo kuliko kwa jambo lolote lingine: tarehe 7 ana PAYE, yaani kodi ya mishahara, tarehe 20 ana VAT, na siku hizo anataka mfumo wa TRA ufunguke pembeni huku jedwali lake likiwa bado liko mbele yake.

Kibandiko si kufuli

Hili nalieleza polepole kwa sababu nusura linitoe kazini.

SharePoint ina uwezo wa kuionyesha linki kwa baadhi ya watu na kuificha kwa wengine. Ukiwa kwenye kuhariri menyu kuna swichi ya kuwasha ulengaji wa hadhira. Ukishaiwasha, kila linki inapata nafasi ya kuandika vikundi vitakavyoiona. Vinakubalika hadi vikundi 10 kwa linki moja. Ni lazima viwe vikundi vilivyotengenezwa na wenye mfumo. Jina la mtu mmoja mmoja halikubaliki. Kwa kupunguza msongamano ni kitu kizuri sana. Madereva hawana haja ya kuona linki za ukaguzi wa hesabu, na wahasibu hawana haja ya kuona ratiba ya gereji.

Mimi nikaitumia kuficha. Kulikuwa na folda ya viwango vya mishahara, na mameneja walitaka linki yake kwenye menyu. Nikailenga kwa kikundi cha mameneja peke yake. Nikaingia kwa mashine ya binti wa mapokezi kuhakiki: haionekani. Nikaenda kunywa chai.

Wiki iliyofuata kijana mmoja wa forodha aliandika neno "mshahara" kwenye kisanduku cha kutafutia, akiwa anatafuta salary slip yake tu, masikini ya Mungu. Jedwali zima likamjia. Kila mtu na kiwango chake.

Nilichofanya kilikuwa sawa na kuchana kibandiko kwenye kabati la chuma nikaamini nimelifunga. Kufuli liko kwenye ruhusa za folda yenyewe: unakwenda kwenye folda, "Manage access", unaondoa wasiohusika, unabaki na wanaohusika. Mtu asiye na ruhusa hata akitafuta hapati, kwa sababu matokeo ya kutafuta yanafuata ruhusa, hayafuati menyu. Siku ile nilifunga folda kwa mikono inayotetemeka, halafu nikaenda mwenyewe kwa bosi kabla hajaletewa habari na mwingine. Meneja utumishi alinisomea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa sauti, nimesimama. Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na haugeuzwi: ruhusa kwanza, linki baadaye, ulengaji mwisho kabisa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Linki inaonekana kwa wote lakini folda imefungwa, na kila anayebofya anaambiwa aombe ruhusa. Hayo maombi yanakuja kwa barua pepe ya mwenye tovuti, moja moja, kama mvua za vuli. Hilo lilinipata kwenye salary slip: nilinakili anwani ya folda yangu mimi, nikawawekea kampuni nzima. Dawa ilikuwa kuelekeza linki kwenye maktaba mama. Humo kila mtu anaiona folda yake tu, kwa sababu ndiyo peke yake aliyopewa ruhusa.

Ndiyo maana sihakiki tena kwa akaunti yangu. Mwenye haki za kuhariri anaona karibu kila kitu, kwa hiyo macho yake hayana ushahidi. Nina mashahidi watatu: binti wa mapokezi, mzee wa stoo, na dereva yeyote aliyepo getini na simu yake. Wote watatu wakifungua, imefunguka.

Vitufe kwa wasiofungua menyu

Mzee wa stoo ndiye aliyenifundisha kwamba menyu haitoshi. Nilimpa simu nikamwambia atafute masurufu. Akautazama ukurasa, akautelezesha hadi chini, akaurudisha juu, akasema hakuna. Kwenye simu menyu inajikunja nyuma ya vistari vitatu, na yeye hajui kwamba vile vistari ni mlango. Kwa nini ajue?

Kwa linki tano zinazoongoza kwenye kaunta buku, weka vitufe katikati ya ukurasa wenyewe. Bofya "Edit" ya ukurasa, si ile ya menyu. Bofya alama ya kujumlisha ndani ya sehemu unayoitaka, tafuta "Quick links", chagua mpangilio. Vipo vya aina kadhaa. Mimi natumia "Tiles", vigae vikubwa ambavyo kidole kinene hakiwezi kuvikosa. Ongeza linki moja moja, zile anwani ulizokwisha kuzihakiki.

Tofauti ya kukumbuka: menyu ukishabofya "Save" imekwenda kwa wote saa hiyohiyo. Ukurasa haufanyi hivyo. Unabaki rasimu inayoonwa na wahariri tu hadi ubofye "Republish". Nimewahi kukaa siku nzima nikiwaambia watu "vitufe viko hapo katikati" nao wakinitazama kama mgonjwa.

Sura ya menyu ya juu unaibadilisha kwenye alama ya gia, "Change the look", kisha "Navigation". Kuna menyu inayoshuka kawaida na kuna ile pana inayofunguka yote kwa mpigo. Ile pana inafaa kama una vichwa vingi vyenye linki chini yake. Sisi tuna vichwa vinne, kwa hiyo ya kushuka inatutosha.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla simu hazijaanza, nachukua chai ya tangawizi na kubofya kila linki kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa simu yangu, Wi-Fi ya ofisi ikiwa imezimwa. Hazizidi dakika ishirini. Mwezi uliopita nilikuta mbili zimekufa: ya bima, ambao walibadilisha tovuti yao, na ya ratiba ya gereji, ambayo fundi mkuu alihamisha faili bila kusema. Ya bima niliibadilisha palepale. Ya gereji nilishuka chini kumuuliza, akaniambia, "Ah, dada, nilidhani inajifuata yenyewe."